Asumini ya Uani

Kila nikipita Mnazi Mmoja nikamkuta mama anayeuza vikuba vya maua, nageuza uso. Ni ile harufu ya asumini.

Uani kwetu Kariakoo kulikuwa na kichaka cha asumini, kifupi, kimetambaa chini hadi mlango wa bafu, kijani mwaka mzima. Bibi mwenye nyumba alinipa kazi ya kukimwagilia. Siku moja nikaona uvivu kwenda bombani, nikakimwagia maji ya moto ya sabuni niliyolowekea masufuria. Baada ya siku tatu upande mmoja ukakauka.

Bibi hakuniuliza mimi. Alimwita dada aliyepanga chumba cha nyuma. “Umechuma ukiwa kwenye siku zako, ee? Hujui maua yanakufa?”

Dada akahesabu siku kwa vidole. Uso ukamshuka. “Nisamehe, bibi. Sikujua.”

Nilikuwa hapo hapo, nimeshika ndoo. Nikaenda bombani kuijaza.

Tangu hapo, akitaka maua ya kutia nyweleni, alinisubiri nitoke shule.

“Nichumie wewe, mdogo wangu,” alikuwa akisema. “Mikono yako haina kosa.”

Nami nilimchumia.