Gari Lililoondoka Limefubaa

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. La, nakosea, sabini na mbili Hasani Mkwanda alikuwa bado Dar es Salaam, anasugua magari ya watu. Ilikuwa sabini na nne, mwaka ule malori yalipokuwa yakipita na vitanda na kuku wa watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa. Hasani alikuwa amekwisha kurudi kwao, amejenga Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, yeye na mkewe Adija na binti yao Kidawa, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Gereji ya Dar es Salaam ilimfunza kazi moja tu, kufubaza. Gari likishapulizwa rangi, ikakauka, hubaki na vipele vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hapo ndipo Hasani alipoitwa na msasa wake wa maji. Alisugua taratibu, maji yakichuruzika, mpaka vipele vyote vikalala na gari zima likafifia kama limepakwa majivu. Kisha fundi mkuu alimwambia, "Haya, sogea," akalipeleka nyuma ya ukuta na polishi yake, wala hakupenda kutazamwa. Likitoka huko, mtu angeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Miaka yote ile Hasani hakuuona hata mara moja mng'aro ukitoka chini ya kiganja chake mwenyewe. Wenzake walitamani nyumba za bati. Yeye alitamani hilo.

Basi bwana afya Benedikto alipomtaka alitengeneze gari lake kuukuu la Pijo, alipake kijani na kulimaliza mwenyewe, Hasani alikosa usingizi kwa furaha. Rangi waliipulizia mjini, penye mashine ya upepo. Lakini kulisugua aliomba akafanyie kwake, uani, chini ya kivuli cha makuti, maana kule mjini vumbi la malori halikuwa na adabu.

Rangi ikakauka. Kikawa kimebaki kitu kimoja, maji. Kisima chao kilikuwa cha maji ya chumvi, na chumvi ikikauka juu ya rangi mpya huacha madoa yasiyosikia polishi.

"Si uteke hayohayo," Adija alimwambia. "Sisi tunayaoga, mbona hatujapata madoa?"

"Wewe hukupakwa rangi, mama Kidawa."

"Ningepakwa, labda ungenitazama kama unavyolitazama hilo gari. Wallahi umeoa mke wa pili, tena wa bati."

Hasani alicheka, akaendelea kungoja mvua. Benedikto naye kila akipita aliuliza, "Fundi, bado tu?"

"Naingojea mvua, bwana afya."

"Watu wanaikimbia, wewe unaitaka!"

Mwaka ule masika yaliwahi. Mvua ilipiga mfululizo, mapipa yakafurika, na siku ilipopumzika Hasani akachovya msasa, akaanza. Alipitisha mkono, akasuuza, akafumba macho na kupapasa kwa ncha za vidole, kwa sababu kidole huona kipele ambacho jicho limekipita. Jirani yake Bakary akachungulia uani.

"Shemeji Adija! Huyu mumeo anaogesha gari au maiti?"

"Maiti wangu hana mafuta ya taa ya kukukopesha," Hasani akamjibu bila kuinua kichwa. "Nenda zako."

Gari lote likafubaa, kuanzia buti mpaka taa za mbele. Hasani akanawa mikono, akatoa mkebe wa polishi aliotoka nao Dar es Salaam, akachukua kanga ya Adija iliyolainika kwa kufuliwa. Hajafungua kifuniko, Benedikto akaingia uani kwa haraka, suruali imelowa tope. Alipoliona gari akashika kiuno.

"Hasani! Umeliua!"

"Sijaliua, bwana. Hivi ndivyo linavyopita."

"Linapita wapi? Limekuwa jivu!"

Hasani alichota polishi kidogo, akaizungusha juu ya boneti, duara ndani ya duara, mkono mwepesi kama wa mtu anayembembeleza mtoto. Majivu yakaondoka polepole. Chini yake kijani kikachomoza, chenye kina kama maji ya mlangoni mwa bahari, na makuti ya kile kivuli yakaonekana humo ndani, ukuti mmoja mmoja. Kipande chenyewe hakikuzidi sinia. Hasani alisita, kiganja kimeganda hewani.

Benedikto akainama, akajiona. "Mbona nimezeeka hivi?" akasema, nao wakacheka wote. Kisha Benedikto akaacha kucheka.

"Fundi, nimehamishiwa Morogoro. Mto Rufiji unajaa. Nisipovuka sasa, nakwama huku mpaka masika yaishe."

"Niachie mpaka jioni tu."

"Jioni niwe nimeshaikaribia Kilwa, ndugu yangu. Laiti ungelianza mapema!"

Hasani alitazama mapipa yaliyojaa. Maji aliyoyangoja ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakifunga njia. Akaufunga mkebe, akampa.

"Usipake juani. Zungusha mkono, usikandamize."

"Nitalimaliza, haki ya Mungu," Benedikto akasema, akaingia garini. Pijo likapanda barabarani limefubaa lote, na boneti ina kile kipande kimoja kinachorusha mwanga kila linapopiga shimo.

Njia ilipofunguka, Hasani akaanza kwenda stendi mabasi ya Dar es Salaam yakiingia. Aliwauliza madereva na makondakta, aliwauliza hata wanajeshi waliotoka likizo. Mmoja alisema ameona Pijo la kijani huko Morogoro, lakini lilikuwa limevaa tope mpaka madirishani. Bwana afya mwenyewe, walisema, ameshahamishwa tena, hawajui wapi. Magari mengine yalikuja uani kwa Hasani, ya kuziba kutu na kunyoosha bati. Jipya la kumalizwa halikuja, na polishi madukani ilikuwa imekwisha kuwa hadithi.

"Liache liende, baba Kidawa," Adija alikuwa akimwambia, safari hii bila utani.

Alijaribu. Lakini mgeni yeyote aliyeteremka kutoka bara, hata kabla hajapokelewa mzigo, Hasani alimsogelea akamwamkia, akasimama kando kidogo kama mtu mwenye haya, kisha akamuuliza: "Lile gari la kijani la bwana afya, lile lenye boneti inayong'aa kipande, alilimalizia?"