Nilizungukia TBC tatu kutoka Kericho hadi Bomet ili nimshinde Mjomba kuhusu ng'ombe wa mama

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye ukungu na majani chai.

Kabla mtu hajaandika "hii ni chai, umetunga", waliokuwepo siku yenyewe ni hawa: mimi, dada yangu mdogo Chepkoech, ambaye ndiye bibi harusi, ndugu yetu Kipngeno, wa boda boda, Mjomba Kibet, kaka ya marehemu mama, na Mzee Nyakundi wa Kipkelion, mwenye mashine. Watu watano, sebule moja, Sosiot, saa nne asubuhi. Mwingine yeyote akisema alikuwepo, anawadanganya.

Nitasema yote, hata yanayoniaibisha. Hasa hayo.

Mimi ndiye kifungua mimba. Wazazi walituacha nikiwa Form Two, mmoja baada ya mwingine, nikaweka kalamu chini nikabeba kikapu cha majani. Hawa wawili nimewalea kwa kilo za chai. Kwa hivyo nikianza kueleza mambo ya signal na frame, wenye diploma mnivumilie. Diploma zenu nitazifikia hapo mbele.

Kisa chenyewe.

Chepkoech amepata mchumba, kijana mpole wa kule Kiptere. Kwetu sisi Wakipsigis huwezi kuruka koito, ile siku wazee wa pande mbili wanakaa na kukubaliana mahari. Na koito bila baraka ya mjomba ni kikao tu cha watu waliokuja kunywa maziwa.

Mjomba Kibet alikataa kuja.

Sababu? Alisema baba alimwoa mama kwa ng'ombe sita, akaleta wanne. "Siwezi kupokea heshima ya msichana," akasema, "wakati ya mama yake bado iko njiani." Aliyasema hayo akiwa amevaa koti la baba, lakini hilo tuliache.

Sisi tulijua ni wanne, basi. Bibi, mama ya baba, alituambia hivyo mpaka siku ya mwisho. Bibi hayupo tena wa kuulizwa. Wazee waliokuwa kwenye kikao wamekwisha wote isipokuwa Mjomba mwenyewe, na huwezi kumfanya mdai awe shahidi.

Shahidi alibaki mmoja: kaseti ya VHS ya koito ya wazazi wangu. Enzi hizo baba alikodi mtu wa kamera, watu wakamcheka kwa kujionyesha.

Sasa kaseti ilikuwa wapi? Darini, juu ya meko. Kwa akili ya bibi, kitu cha maana huhifadhiwa kwa moshi. Mbegu za mahindi, juu ya meko. Vibuyu vya maziwa ya mursik, juu ya meko. Kaseti naye ni nani wa kulala kabatini?

Nitampa haki yake, moshi ulizuia ukungu. Hii Kericho yetu kaseti ya kabatini huota ndevu. Lakini joto la meko lilivuta mkanda. Mkanda ukivutika, mistari ya picha haifiki kwa wakati. Mmoja unawahi, mwingine unachelewa, na kila mtu kwenye video anatembea kama amelewa busaa.

Na palipoumia zaidi ni pale pale mzee wa upande wetu anaposimama kutaja ng'ombe. Unamsikia akisema "ng'ombe ni", halafu picha inakuwa kama shamba la chai lililopigwa na mvua ya mawe, TV inaona hakuna signal ya maana, inazima picha na sauti pamoja. Ikirudi, watu wanapiga makofi.

Msiniambie nitafute TV ya zamani yenye mgongo, ile isiyozima picha mbaya. Ya mwisho niliyoijua Sosiot, kuku wanatagia ndani.

Nikauliza humu. Mkanifundisha neno TBC, time base corrector. Nilivyoelewa mimi wa Form Two: ni kama karani wa buying centre, kile kituo cha kupimia majani. Wachumaji wanafika wakisukumana, yeye anawasimamisha, anawapanga, anawaachia mmoja mmoja kwa mwendo wake. Bila karani ni vurugu tu.

Basi nikaanza kutafuta karani.

Wa kwanza alikuwa kijana mmoja mjini Kericho, mwenye studio, kiti kinachozunguka na cheti ukutani. Nikamwambia nataka TBC. Akacheka kwa huruma.

"Madam, hizo ni mashine za museum. Siku hizi TBC iko ndani ya software."

Wakuu, kama hamtachukua kingine kwenye uzi huu, chukueni hiki. Software haiwezi kupanga foleni ya watu ambao hawakuingia getini. Kile kidude chake cha USB, cha kuingiza video kwenye kompyuta, kilipofika mahali pabaya kiliangusha frame zote, yaani picha moja moja za video. Akapata sekunde kadhaa za rangi ya bluu. Je, aliona aibu? Hapana. Akaambia AI ijaze.

Baba yangu alikuwa na pengo la jino la mbele. Kwenye video ya yule kijana, baba ana meno thelathini na mawili, meupe kama ya mtangazaji, na mashavu ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Nikauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni baba yako, madam. Ila HD."

Nikamwachia baba yake wa HD.

Kosa letu ni kwamba Kipngeno alikuwa ameshamtumia Mjomba ile clip kwa simu. Mjomba akapiga. "Siku hizi kompyuta inaweza kumfanya marehemu acheze. Mkitaka niamini, mnichezee kaseti yenyewe, mbele ya macho yangu, na pasiwe na mtu ameitazama kabla yangu."

Hapo, hata kama sikupenda, mzee alikuwa na haki.

Karani wa pili nilimpata Bomet. Fundi wa TV aliniuzia DVD recorder kuukuu, akiapa ina "full TBC ya studio". Hurekodi nayo, unapitisha signal tu. Nikaijaribu na ile nusu ya mwanzo ya kaseti, kabla ya mahali pabaya. Kusema ukweli, ilinishangaza. Nguzo za nyumba ya babu zilizokuwa zikicheza kama nyoka zilisimama wima. Nikaona mpaka nyasi za paa.

Lakini hiyo hupanga mstari mmoja mmoja. Kila mkanda ulipokatika kidogo, picha nzima iliruka, na kidude changu cha USB kikapoteza hesabu. Baada ya dakika kumi sauti ilikuwa nyuma ya midomo. Mzee anafungua mdomo, neno linafika akiwa ameshakaa. Full studio, alisema. Studio ya nani?

Wa tatu ndiye Mzee Nyakundi. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kufanya kazi estate ya chai, yeye akapiga video za harusi Kipkelion mpaka simu zikamnyang'anya kazi. Alikuwa na TBC ya kweli, boksi zito lenye kitambaa cha kushonwa juu kama redio ya bibi. Hana cheti hata kimoja ukutani. Ana kalenda.

"Binti," akaniambia, "hii haipambi mtu. Inashika picha nzima, inaiachilia kwa saa yake yenyewe. Kama baba yako alikuwa na pengo, atatoka na pengo."

Tulijaribu boksi lake peke yake, kwa nusu ile ile ya mwanzo. Halikuangusha frame hata moja, sauti ikakaa mahali pake. Lakini nguzo zikarudi kucheza! Picha nzima imetulia, mistari ndani yake imepinda. Hapo ndipo nilielewa kwamba makarani wa Bomet na Kipkelion hawashindani. Deki ya kaseti kwanza, halafu DVD recorder inyooshe mistari, halafu boksi la Mzee lishike picha nzima, ndipo kidude cha USB na TV. Ukigeuza mpangilio huo, umepoteza siku.

Kwa kazi hiyo nilimvunia Mzee mahindi siku mbili. Alitaka moja. Nikaona moja ni dharau.

Sasa siku yenyewe.

Mjomba aliingia, akaangalia nyaya, akaangalia maboksi. "Mashine zote hizi kuhesabu ng'ombe? Sisi tulihesabu kwa macho."

"Macho yako Mjomba ndiyo yametufikisha hapa," nikamjibu. Chepkoech akanifinya.

Mzee Nyakundi akabonyeza. Kwenye video mambo yalisemwa kwa lugha yetu, hapa naandika kwa Kiswahili. Mzee wa upande wetu akasimama. Nguzo wima. Picha ikatikisika kidogo, ikashikwa.

"Ng'ombe ni wanne."

Kipngeno alipiga mluzi. Mimi nilikuwa nimeshamgeukia Mjomba, mdomo umejaa maneno ya miaka yote hiyo.

"Ngoja," Mzee Nyakundi akasema. "Bado anaongea."

"Wanne leo," yule mzee akamalizia, na kando yake akainuka kijana mwembamba mwenye pengo. Kwa desturi bwana harusi hasemi siku ya koito. Anakaa, anatazama chini. Baba alisimama.

"Wanne leo, na watatu nitaleta. Nisipofika mimi, watoto wangu wataleta."

Wazee wakamvuta akae. Mama akaonekana nyuma, amefunika mdomo, anacheka. Kisha yale makofi.

Chepkoech alikuwa wa kunyonya baba alipoondoka. Akauliza polepole, "Hiyo ndiyo sauti yake?"

Nikasema ndiyo.

Mjomba akavua kofia. "Watatu?" akasema. "Miaka yote mimi nadai wawili."

Akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena. Mara ya tatu hakuwa anatazama ng'ombe, alikuwa anamtazama dada yake.

"Nitakuja koito," akasema akiinuka.

"Na ng'ombe, Mjomba?"

"Si umesikia nani ataleta?"

Basi wakuu, hivyo ndivyo nilivyonunua mashine, nikasafiri mpaka Bomet, nikavuna mahindi ya watu, ili kuthibitisha bila shaka yoyote kwamba nadaiwa ng'ombe mmoja zaidi. Chekeni. Mimi nilishacheka, na Kipngeno hajaacha.

Nililojifunza ni hili. Kaseti iliyovutika inahitaji kunyooshwa mistari na kushikwa picha nzima, na ni nadra kifaa kimoja kuyafanya yote mawili vizuri. Anayekuambia software inatosha, mwangalie kiti chake kama kinazunguka. Na ukitaka ukweli usafishwe ndipo umpige nao mwenzako, kaa tayari, unaweza kukupiga wewe.

Mwenye combo nzuri kuliko hiyo yangu aiweke hapo chini, na mwenye kaseti darini aishushe leo. Wenye diploma, uwanja ni wenu, nitukaneni kwa utaratibu.

Koito ilifanyika. Mjomba alimpaka Chepkoech siagi ya baraka kichwani kwa mkono wake mwenyewe.

Kipngeno alitaka tumwombe Mjomba atusamehe yule wa tatu, kwani hata yeye alikuwa amemsahau. Nilikataa. Baba alisema watatu, na nimeuona mdomo wake ukisema.

Mtamba wa kwanza tulimswaga mwezi uliopita mpaka zizini kwa Mjomba. Wawili bado.