Kidevu cha Pima Maji

Mjukuu wa Pima Maji alikuwa hampendi babu yake. Utaniambia kichanga hajui kupenda wala kuchukia, sawa, lakini yule akipakatwa na bibi, kimya. Akipakatwa na kaka wa bibi, dereva wa lori anayenuka dizeli toka kichwani mpaka miguuni, kimya vilevile, tena anatabasamu. Akitua tu mikononi mwa babu, ni kilio mpaka majirani wanachungulia. Na tatizo halikuwa babu mwenyewe. Tatizo lilikuwa kidevu chake.

Pima Maji alikuwa fundi wa plasta, na jina hilo alibandikwa kazini kwa sababu ya pima maji yake, ile ya kuangalizia kama ukuta umenyooka, ambayo hakuwahi kuiacha nyumbani. Hata akienda kumwona mgonjwa, ataiegemeza kwanza ukutani, atatikisa kichwa, atasema, "Ukuta huu umelewa." Kuta zake mwenyewe zilikuwa laini, ukipitisha kiganja hupati hata chembe ya mchanga. Lakini mashavu yake, jamani! Nyembe za plastiki zilimjaza vipele, na mashine ya kinyozi ilimwachia visiki vilivyosimama kama brashi ya kusugulia sakafu. Mafundi wenzake walimwambia akaombe zabuni ya kupiga plasta uso wake. Alicheka nao miaka yote, hakuwa na habari.

Habari alikuja kuwa nayo Jumatatu ile. Binti yake alikuwa amekuja kupumzika kwa wazazi baada ya kujifungua, na Jumapili mumewe angekuja kuwachukua, warudi kwao mbali. Babu akamwinua mtoto, akamwegemeza shavuni. Kilio. Binti akamchukua haraka, akamgeuza kwenye mwanga.

"Baba, hebu mtazame. Umemchubua."

Kweli, palikuwa na mstari mwekundu kwenye kishavu kile.

"Sikukusudia, mwanangu."

"Najua, baba. Lakini basi, mwangalie akiwa kwa mama."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Pima Maji alitoka nje akasimama karibu na pipa la maji, akajifanya anakagua mfuniko. Mtu mzima na mvi zake, alitaka kulia. Mtoto angeondoka Jumapili bila kukaa hata mara moja kifuani kwa babu yake, na atakaporudi atakuwa anatembea.

Mkewe alimwona. Aliingia chumbani, akafukua sandukuni, akarudi na mashine ya kunyolea ya chuma, ile ya zamani unayoifungua kichwa ukatia wembe ndani.

"Ya marehemu baba," alisema. "Unalikumbuka shavu lake?"

Pima Maji alimkumbuka sana baba mkwe. Alikuwa na uso unaoteleza. Aliipokea ile mashine, mkono ukashuka kidogo.

"Mbona nzito hivi? Hii ya kunyolea au ya kugongea misumari?"

Lakini hakuwa mtu wa kuogopa chombo. Alijipaka povu, akaishika kwenye shingo ya mpini, karibu kabisa na kichwa, kama anavyoshika mwiko wa plasta, akakaza kiwiko, akasukuma. Mungu wangu! Akasukuma tena, maana fundi hakubali kushindwa na ukuta. Alipomaliza, uso ulikuwa umebandikwa vipande vya karatasi kila mahali, na shemeji yake, yule wa lori, ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Shemeji, umejinyoa au umejichinja?"

"Nyamaza wewe."

"Si bure. Sema ukweli, paka yuko wapi, na yeye kaumia?"

Nyumba nzima ilicheka, hata binti. Pima Maji aliitupa mashine dirishani, akaapa hataigusa tena.

Wiki ikaenda, majeraha yakapona, visiki vikaota upya. Jumapili asubuhi mabegi yalikuwa yamefungwa yako sebuleni. Kila akiyapita alikuwa akiyakodolea macho kama yamemtukana. Mwisho aliiokota ile mashine chini ya dirisha, akaenda kwenye kioo, akaishika palepale shingoni, kiwiko kikiwa kimekaza.

"We baba," mkewe alimwita kutoka mlangoni. Ni yeye aliyekuwa akimpelekea chakula kazini miaka yote. "Mkifika mkono wa mwisho, ule wa kulainisha, huwa unawapigia kelele gani wenzako?"

"Nawapigia nyingi."

"Ile ya mpaka nasikia nikiwa barabarani."

Pima Maji akaishusha mashine. Kelele yenyewe ilikuwa hii: *Usikandamize! Acha mwiko ulale, uzito wake unatosha!* Plasta ya kwanza unaitupa na kuisukuma kwa nguvu zako zote. Ya mwisho unaipapasa. Na yeye, fundi mzima, maisha yake yote alikuwa akiupiga uso wake mkono wa kwanza.

"Lo!" alisema. "Mimi ni mjinga kiasi gani?"

"Nijibu kweli?"

Akafanya kama afanyavyo na mwiko mpya dukani. Aliilaza mashine juu ya kidole kimoja. Ikainamia kichwani. Akaisogeza kidogo, ikainama tena, akaisogeza, mpaka ikatulia, sawa kabisa, haipandi wala haishuki. Basi uzito wote uko huku juu! Akashusha vidole mpaka kwenye mkia wa mpini, akaishika kwa ncha tu, akakilaza kichwa shavuni, akakiinamisha taratibu mpaka akasikia wembe unakwaruza visiki. Akaacha. Hakusukuma. Chuma kikashuka chenyewe, kikaacha njia safi kwenye povu.

"Mama watoto! Njoo uone!"

"Si niko hapa hapa?"

Alinyoa shavu, akanyoa la pili, akapapasa kooni kujua ndevu zimelalia wapi, akazifuata. Palibaki mkwaruzo mdogo chini ya sikio, basi. Mkewe alipitisha kiganja, akakirudisha tena, safari hii polepole, na akacheka kama msichana.

Pima Maji aliingia sebuleni kifua mbele. "Nipeni mjukuu wangu."

Binti alimgusa shavu kwa mgongo wa mkono, kwa mashaka. Kisha akaweka viganja vyote viwili. "Baba! Umefanya nini?"

"Nipe mtoto."

"Haya, tuzibe masikio," alisema shemeji.

Mtoto alipakatwa. Akakunja uso, akafungua kinywa, na watu wote wakasubiri. Shavu lake likagusa shavu la babu. Akageuza kichwa, akapapasa kwa midomo, akakipata kidevu, akaanza kukinyonya kwa bidii zote akidhani ni ziwa. Alipoona hakitoi kitu hakukasirika. Alipiga mwayo, akalala papo hapo.

Nje gari likapiga honi. Mkwe amefika. Machozi yalikuwa yanamtiririka Pima Maji kwenye mashavu yale laini, na hakuna cha kuyazuia njiani.

"Shemeji," alinong'ona, "nenda kamwambie azime gari. Mimi hapa sisogei."

Na yule shemeji mwenye maneno mengi akaenda mbio, mkono mmoja uko kidevuni kwake anajipapasa.