Mbao Chini ya Kitanda na Disque ya Mbio

Majina ya watu wote ninayakumbuka, hata ya mbwa wao, lakini humu sitataja hata moja. Nikitaja mmoja, mwingine atauliza kwa nini yule ametangulia. Na vita hivyo ndivyo ninavyotaka kusimulia.

Miaka ile mishahara ilipokauka, mwanangu wa kwanza alikuwa karani wa ofisi moja hapa Likasi. Siku ofisi ilipofungwa, kila mmoja alibeba alichoweza, kiwe malipo yake: huyu kiti, yule feni, mwingine mlango. Mlango tu, bila nyumba. Mwanangu alileta ordinatere, ile mashini ya kuandikia yenye uso wa televizio, pamoja na mwenzake wa kuchapa karatasi. Tukaiweka sebuleni, tukaifunika kitambaa cha meza cha Noeli.

Ikawa kazi. Watu walikufa sana wakati ule, na kwetu muntu hazikwi kimya: lazima karatasi ya tangazo, ibandikwe njiani, isomwe kanisani, na majina ya ukoo mzima juu yake. Mwanangu aliandika karatasi hizo. Walilipa unga, kuku, mfuko wa makala ya kupikia.

Shida ilikuwa umeme. Bwawa la umeme la Koni liko hapo karibu na maji yake hayachoki, lakini wezi walikata nyaya kila wiki, basi mtaani kwetu umeme ulikuja mchana kwa masaa mawili, ukipenda. Na ordinatere yetu iliamka kama mulevi. Mwanangu alinieleza kwamba ndani yake mna sahani ya chuma inayozunguka na kushika maneno; wanaiita disque dur. Yetu ilikuwa imezeeka.

— Mama, tukipata disque ya mbio, tutaandika karatasi tano kabla courant ya umeme haijaenda. Leo tunaandika mbili tu.

Ilipatikana. Mfanyabiashara mmoja wa barabara yetu, aliyekuwa akipitisha vitu mpakani Kasumbalesa, alikuwa nayo, ameifunga ndani ya soksi. Pesa hakutaka; pesa ya wakati ule hata mbuzi angeitema. Alitaka mbao zangu.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Aliangusha mti mmoja wa mulombwa, akapasua mbao za masanduku mawili ya kuzikia, lake na langu. Lake alikwisha kulivaa. Mbao zangu sita zilikaa chini ya kitanda, na wakati wengine walizikwa ndani ya milango ya kabati, mimi nililala juu ya utajiri.

— Weye unataka kubadilisha mama yako na sahani? nikamuuliza mwanangu.

— Si mama. Mbao.

— Na mama utamulalisha ndani ya nini? Ndani ya soksi?

Mfanyabiashara akacheka. 

— Mama, jaribu siku moja tu. Kama haikimbii, minye nairudisha ndani ya soksi yake.

Saa ya kupimia hatukuwa nayo, ilikuwa imekwisha kuliwa na shule ya watoto. Nikachukua rozari. Umeme ulipofika, mwanangu akabonyeza disque ya zamani nami nikaanza. Ilipofungua ukurasa nilikuwa nimefika Salamu Maria ya thelathini na moja. Akaizima, akafungua mashini, akaweka mpya. Salamu Maria sita.

— Unaona! akasema mfanyabiashara. Na tena ile ya zamani umeisalia polepole. Nimekusikia. Kwa yangu ulikimbia kama muntu anayefukuzwa na nyuki.

— Bikira Maria hakimbizwi.

— Basi asali muntu mwingine.

Tukamwita jirani yangu, mama wa kanisa la kelele lisilotumia rozari, kwamba awe mwamuzi. Akakataa kupima mashini kwa rozari. Yeye alitaka Zaburi. Mfanyabiashara akasema Zaburi nyingine ni ndefu, watu wataibiana. Mwishowe jirani akakubali kusukuma shanga kwa kidole, mdomo umefungwa, macho juu, ili Mungu wake aone kwamba hasali. Wakabadilisha sahani tena na tena, na mchezo huo ulikula nusu ya umeme wa siku. Jibu lilikuwa lilelile: mpya ilikuwa na mbio kweli. Minye mwenyewe nilianza kuziaga mbao.

Ndipo wakaingia watu wa msiba. Baba wa marehemu wao alikuwa ameoa watu wa huko ambako mtoto ni wa mjomba. Yeye mwenyewe alikuwa wa huko ambako mtoto ni wa baba. Mwanangu akauliza:

— Nianze na nani?

— Ndugu za baba, akasema mzee mmoja.

— Baba gani? Wakati mtoto anaugua, huyo baba alikuwa wapi? akasema mjomba. Andika wajomba.

— Muke wa kwanza je?

— Aliondoka na sufuria!

— Sufuria ilikuwa yake!

Kidole cha jirani yangu kilikuwa bado kwenye shanga. Nadhani alisahau kukitoa. Akamaliza kumi la kwanza, la pili, la tatu. Walipofika kwa watoto wa nje alikuwa amezunguka rozari nzima, na midomo, nilimwona, ilikuwa imeanza kutikisika. Umeme ukakatika. Kwenye ukurasa kulikuwa na neno moja: TANGAZO.

— Disque yako imefika mbio, nikamwambia mfanyabiashara, kisha imekaa kungoja wajomba. Irudishe ndani ya soksi.

Kutoka siku hiyo nikaweka sheria. Ukoo unagombana kwanza uani, mbele yangu, asubuhi. Minye ninajua nani alizaa nani na nani aliondoka na sufuria. Hakuna wa kunidanganya. Umeme ukija, orodha iko tayari. Na disque yetu ya kilevi tukaandika karatasi nne kwa siku.

Kabla ya mvua za mwaka ule, mfanyabiashara akarudi. Hakucheka. Mama yake amefariki, yule aliyekuwa mwenzangu wa kuchota maji, na mjini hakuna mbao. Soksi ilikuwa mkononi.

— Chukua mbao, nikasema. Soksi yako nayo uende nayo.

Akaiacha mezani. Nikamwambia awalete ndugu zake uani, tupange majina.

— Hapana mama, disque iko na mbio. Tuanze tu.

Salamu Maria sita, ukurasa ukafunguka. Na aliyesimama wa kwanza kukataa jina la ndugu yake wa baba lisitangulie lake, ni yeye mwenyewe, mfanyabiashara. Umeme uliwaacha hapo wakipigiana kelele. Karatasi ya mama yake tuliiandika kwa kalamu. Lakini mama huyo alilala ndani ya mulombwa mzuri, na minye nilifurahi, huku nikilia kidogo kwa sababu mbili.

Disque ile ilikufa baada ya mvua chache. Iko chini ya kitanda, ndani ya soksi yake, mahali pa mbao.

Sasa nimezeeka. Karatasi yangu iko tayari: majina yote yamepangwa, wajomba wametia sahihi, hata mwenye sufuria wa kwetu ana mahali pake. Haitachukua hata Salamu Maria moja. Kimebaki cha kulalia.