Ndoo Mbili za Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba choo kikiwa safi, kila mtu atakitumia. Hadi leo nikisikia harufu ya siki, naondoka mahali pale.

Baba alipopunguzwa kazini, miaka ile mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa, alichukua kiinua mgongo chake akanunua boti ndogo ya mbao yenye injini. Sisi wa Lufingo, watu wa migomba na ukungu, tukawa watu wa ziwani kule chini Kyela. Swali likawa choo. Mama alisema zinatosha ndoo mbili zenye mifuniko, majivu na pazia, moja mbele, nyingine nyuma. Baba akacheka. "Nchi imefunguliwa, Mama Ambwene, wewe bado ndoo! Abiria siku hizi anachagua." Akaleta choo cha kukaa cha mtumba, chenye pampu ya mkono, akakijengea kibanda karibu na injini. Nami nilicheka pamoja naye.

Nilikipenda kile choo kupita kiasi. Hakuna aliyenifundisha, nilikifungua na kukifunga mpaka nikakijua. Kila Jumamosi niliosha bomba kwa siki, nikapaka mpira wa pampu mafuta ya kupikia usikauke, nikafunga valvu, nikarudi kuhakikisha tena. Valvu ikisahauliwa, ziwa linaingia kupitia chooni. Nilikuwa naliota hilo.

Kisha tukapata msiba ng'ambo ya ziwa. Baba akatupakia wote pamoja na abiria wake, na babu pia, baba yake mzazi. Mnajua kwetu mke wa mtu na baba mkwe wanavyoogopana: hawatazamani, hawapishani njia moja, hawatumii chombo kimoja. Mama alikaa mbele kabisa, kitenge kichwani, ametupa mgongo. Tulipoondoka tu asubuhi, babu aliingia kibandani. Akatoka ananishukuru kwa lugha ya kwetu: "Ndaga, mwana."

Basi. Kuanzia hapo choo kikawa cha babu.

Sikuelewa. Nilimwona Mama anakataa maji, anabana magoti, nikadhani anaona kinyaa. Nikamwita mbele ya abiria: "Mama, nenda tu, nimekisugua, kinanukia!"

"Nyamaza, mwanangu."

Mwanamke mmoja akadakia, akimgeukia Mama, "Ee mwenye boti, choo chako mwenyewe kinakuuma?" Wakacheka. Baba naye akacheka, mkono kwenye usukani.

Upepo uligeuka, safari ikarefuka. Boti ilipogusa mchanga, kitenge alichojifunga Mama kilikuwa kimelowa hadi miguuni, na hayakuwa maji ya ziwa. Wa kwanza kugeuza uso alikuwa babu.

Mama hakupanda tena boti ile. Baada ya msiba alizunguka kwa gari kupitia Njombe, akapitiliza hadi kwa wazazi wake Kinyala. Baba alipomfuata, alirudi na jibu moja tu: "Nilisema ndoo mbili. Ulitaka niseme nini zaidi?"

Miaka ilipita ndipo nikaelewa. Kumtaja mkwe na choo katika sentensi moja kungekuwa kumvunjia heshima. Mama alikuwa amesema yote aliyoruhusiwa kusema.

Boti iliuzwa na choo chake. Mimi nimejenga Lufingo, vyoo viwili, kila kimoja upande wake wa nyumba. Mama hajaja kuviona.