Mkwe Aliyekwenda Kupumzika Sigulu

Meneja wetu alikuwa Mzungu, na kila mwezi wa kumi na mbili ulipokaribia alianza kutueleza baridi ya kwao. Alisema wenye uwezo huikimbia, wakaenda na jamaa zao kwenye kisiwa chenye jua, wakalala mchangani wiki mbili bila kufanya lolote. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika jineri ya kuchambua pamba pale Tororo. Tulikuwa tumejitawala miaka michache tu, na sikuona kwa nini jambo zuri namna hiyo libaki la Wazungu peke yao. Kwamba Tororo mwezi huo jua huchoma mpaka mbwa wakagombea kivuli, hilo halikunisumbua. Niliomba likizo, nikatangaza ofisini kwamba Owor na jamaa yake wanakwenda kisiwani kukimbia baridi.

Kisiwa cha kwenda nilikuwa nacho. Mke wangu Nekesa ni Msamia wa Sigulu, ndani ya ziwa, na mama yake alikuwa bado anaishi huko. Nekesa hakuwa na habari na majira ya baridi. Alitaka kumleta mama yake Tororo. Mwaka mzima watu waliotoka kisiwani walikuwa wakisema mama yule hupapasa ukuta akitafuta mlango, na mwenyewe kila akiulizwa hujibu kwamba macho yake ni mazima. Daktari wa macho alitarajiwa kupita Tororo katikati ya Januari, kisha aende zake, na hakuna aliyejua angerudi lini. Basi tukapatana kwamba mimi nitapumzika na yeye atamshawishi mama. Nilijiona mtu mkarimu kweli.

Tororo, saa moja asubuhi, tulipanda basi na binti zetu wawili, sukari, majani ya chai, chumvi, na kiti cha turubai cha kukunja nilichokinunua makusudi kwa ajili ya mchanga. Abiria mmoja alitaka kujua ni mgonjwa gani tunayempelekea machela.

Busia, saa tatu unusu. Nilivuka upande wa Kenya kutafuta nguo ya kuogelea, kwa sababu nilikwisha kuambiwa kwamba mtu haendi kisiwani na suruali ya ofisini. Mwenye duka alinitolea kaptura nyekundu yenye upana wa kitambaa cha mkononi, nikamuuliza kama hana ndefu zaidi. Akaniambia kwa upole kwamba wanaojua kuogelea hawaulizi hivyo. Baada ya hapo ningewezaje kuiacha?

Nekesa aliigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Baba Achieng, hii utaivaa ndani ya suruali?"

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo suruali yenyewe. Aliikunja, ikaingia yote kwenye kiganja chake.

Majanji, saa nane mchana, baada ya kubanwa na magunia kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua samaki. Mwenye mtumbwi alikitazama kiti changu, akanitazama na mimi.

"Wewe nakwenda kule kufanya kazi gani?"

"Kupumzika."

"Kupumzika," akasema, akaanza kupiga kasia. Tulikuwa mbali na nchi kavu aliporudi kwenye neno hilo. "Lakini kule hapana kazi. Sasa wewe napumzika juu ya nini?"

Nilimweleza habari za baridi ya Ulaya. Alisikiliza vizuri, akasema pole.

Sigulu, jua likielekea magharibi. Tulipokelewa kwa vigelegele na harufu ya samaki waliokuwa wakikaushwa kwenye vichanja. Kwetu Mulanda, kama ilivyo kwa Wasamia, mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono wala hawali pamoja. Kwa hiyo mama alinisalimia akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, nami nikamjibu nikiwa nimeuelekea mti. Sauti yake ilikuwa changa kuliko nilivyotarajia. Mimi nilipewa nyumba ya mjomba wa Nekesa, Mzee Ojambo, mbali kidogo, ili kila mtu apumue.

Siku mbili Nekesa alimbembeleza mama yake akashindwa. Mama alimwonyesha kwamba anawasha moto mwenyewe, anachagua mawe kwenye maharage, anajua kila chungu kilipo. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka arobaini, na gizani angeweza kuitembea akiimba. Nekesa alirudi kwangu jioni macho yamemvimba. Nilimwambia asiwe na haraka, likizo ndiyo kwanza inaanza. Aibu yangu.

Siku ya tatu asubuhi niliamua kupumzika rasmi. Upande wa mashariki nilikuta mchanga mweupe, maji safi, hakuna hata gamba la samaki. Msafiri mwenye akili angejiuliza kwa nini mahali pazuri hivyo pamebaki bila mitumbwi. Mimi nilifungua kiti, nikavaa ile kaptura na miwani myeusi, nikalala chali. Hapo ndipo wanawake wa kijiji huteka maji.

Walikuja watatu na mitungi, wa mwisho ameweka mkono kwenye bega la binti yangu Achieng. Alikuwa mama mkwe. Nilijaribu kuinuka, kiti kikajikunja na mimi ndani. Wanawake wawili walipiga ukelele. Mama mkwe alisimama wima amenielekea mpaka wakamvuta mkono, nami nikajitumbukiza ziwani, kwa nia ya kutorudi nchi kavu maisha yangu yote.

Kesho yake saa tatu tuliitwa uani kwa Mzee Ojambo. Nilikwenda nimevaa koti. Wazee sita walikaa upande mmoja, na mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba, mlango umerudishwa. Shtaka lilisomwa bila matusi, jambo lililoniumiza zaidi. Mkwe akionekana uchi na mama wa mkewe, ni lazima ndugu zake waje na kondoo, watu hao wawili wasafishwe, na mpaka hapo wasipande chombo kimoja wala mama asikanyage mji wa mkwe huyo. Kuwaita baba zangu wadogo kutoka Mulanda, wakubaliane, wapate kondoo, wavuke ziwa, ilikuwa kazi ya miezi miwili. Nekesa alihesabu kichwani, nikamwona amekata tamaa. Daktari angekuwa amekwisha kuondoka. Nilimtazama mke wangu, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani nikaelewa kwamba safari ile haikuwa yangu.

Mzee Ojambo akauliza mlangoni kama dada yake ana neno.

"Ninalo," sauti ikasema. "Mnaomba kondoo wa nini? Nilikuwa pale. Nilimwona mkwe wangu kwa macho yangu haya mnayoyasengenya. Alivaa suruali ndefu nyeupe na shati, akasimama kando kwa adabu mpaka nikapita."

Hapakuwa na mtu Sigulu ambaye hakujua habari za kaptura nyekundu, hata watoto walikuwa wameitungia nyimbo. Nekesa aliweka kiganja mdomoni. Mzee Ojambo aliyatazama magoti yake.

"Mama hakumwona," akasema taratibu. "Kwa hiyo hapana kesi. Nekesa, funga mizigo ya mama yako."

Tulirudi kabla ya mwaka mpya. Ndani ya mtumbwi mama mkwe alikaa mbele amejitanda kanga, akanipa mgongo. Mimi nilikaa nyuma kabisa na suruali ndefu, nikitokwa jasho, na mwenye mtumbwi hakuniuliza tena juu ya mapumziko. Tororo mama alilala kwa jirani yetu Msamia, kwa kuwa kwa mila mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Ofisini meneja, aliyerudi kutoka kisiwa chake mwekundu kama nyanya, aliniuliza nilichojifunza. Nilimwambia kwamba mahali pa kupumzika panapaswa kuulizwa kwa wenyeji. Aliona ni wazo zuri sana.

Daktari alikuja, akampasua jicho moja. Siku ya kufunguliwa bendeji nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, kama ipasavyo. Nekesa alitoka anacheka na machozi yanamtiririka.

"Anaona," akasema. "Ameliona dirisha, amenitazama mpaka nikaona haya. Halafu kaniambia ile kaptura alielezwa siku ile ile, hata mtungi hajautua. Rangi yake, ufupi wake, yote. Alijua anasema nini mbele ya wazee, na alijua wote watamwona kipofu."

Niliona haya pale kwenye benchi kuliko nilivyoona kule mchangani, ingawa safari hii nilikuwa nimevaa koti na tai.