Wimbo wa Mama Kwenye Mashine ya Kahawa

Kama umewahi kukaa Tunduma unajua kwamba pale mtu hachagui cha kusikiliza. Kibanda changu cha vitenge kimepakana na cha kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye simu, na spika yake ameielekeza barabarani, kwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kuvuka kuingia Zambia. Miaka yote tumeelewana. Lakini sasa amepata wimbo mmoja wa zamani wa Kizambia, msanii wa siku hizi ameurudia kwa midundo mipya, na anaupiga kutwa. Mteja ananiuliza bei kwa Kibemba, "Nishinga, bamayo?" nami namtajia bei ya kitenge kingine kabisa, kwa sababu akili yangu inapigana na ile spika.

Wimbo huo mimi niliupata kwa mama, kwetu Igamba, wakati wa kuchuma kahawa. Msimu huo asubuhi zilikuwa za ukungu na baridi ya kuuma masikio. Tulichuma mpaka vidole vikanata, mchana tukala kande zilizopoa, na jioni ikawa kazi ya mashine, maana kahawa mbivu hailazwi, lazima imenywe maganda siku ileile. Mashine ya kumenyea ilikuwa ya bibi, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono. Majirani wasiokuwa na yao walileta ndoo zao kwetu, na harufu ya maganda, tamu halafu chachu, ilituingia mpaka kwenye nywele.

Mama ndiye aliyezungusha, mdogo wangu akiwa mgongoni. Kwetu mwenye kuzungusha ndiye aliyeimba, na mimi mwenye ndoo nilipaswa kusikiliza. Akifika mahali pa kunyamaza, mkono wake ulilegea, nami nikamimina. Ukimimina kabla, mashine inakwama na bibi anakuita majina ambayo sitayaandika hapa.

Kwa hiyo hakuna wimbo uliopita kwenye mashine ile ukabaki kama ulivyotoka redioni. Mama aliuchukua uliokuwa unavuma, akaukata, akauvuta, akaweka kimya pale ndoo inapohitajika. Huo wa Kizambia ulikuwa wa mwanamume anayelia na mapenzi, hivyo ndivyo nilivyokuja kuambiwa, lakini mama Kibemba chake kiliishia kwenye salamu. Maneno akatia ya kwetu: mbuzi wa jirani aliyekula sabuni, maziwa yaliyomwagika, jino la mdogo wangu. Bibi alikuwa akisema wimbo usioweza kuzungusha mashine aachiwe mwenye redio. Naye mwalimu wa kwaya alilalamika kila Jumapili kwamba mama anaongoza nyimbo za Mungu kwa kusimamasimama, utadhani kuna mtu madhabahuni ameshika ndoo.

Redio ilikuwa kwa jirani, na betri zake zilishinda zimeanikwa juani ili zipate nguvu. Siku nilipousikia wimbo wenyewe mpaka mwisho nilimhurumia yule mwanamume. Nilimwambia jirani kwamba anaimba vibaya, hapumziki, na hata mbuzi amemsahau. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alifariki mdogo wangu akiwa hajaanza shule. Simu ya nyumbani ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, na hakuna aliyewaza kwamba sauti ni kitu cha kuweka. Mimi sikuwa na wasiwasi, wimbo ule nilikuwa nao kichwani. Niliufulia nguo, niliupikia, niliubembelezea wanangu.

Hivi karibuni mdogo wangu alijifungua mtoto wa kwanza. Akanipigia simu, mtoto analia nyuma, akasema, "Dada, niimbie ule wa mama. Mimi nilikuwa mgongoni, sikumbuki chochote." Nikafungua mdomo. Uliotoka ni ule wa kijana wa spika, na midundo yake yote. Nikaanza tena, ukatoka uleule. Mdogo wangu akasema polepole, "Huo ninao kwenye simu, dada."

Nililia pale kibandani mchana kweupe, watu wakapita wakidhani nimefiwa. Walikuwa hawajakosea sana.

Jumamosi moja tukaenda Igamba, yeye na mtoto wake mgongoni. Bibi yupo, anaota jua, masikio yamechoka. Alisema mama yetu aliimba nyimbo zote, huo ni upi? Mashine iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi kahawa inapelekwa kwenye mashine moja ya injini, na penye kelele za injini ile hata kusalimiana ni kwa mikono. Lakini jirani, yuleyule wa redio, bado anayo yake ya mkono nyuma ya banda, imeshika kutu. Tukaipaka mafuta ya kula. Nikashika mpini, mdogo wangu akashika ndoo ya kahawa mbivu kwa mkono mmoja na simu ya kurekodia kwa mwingine.

Nikazungusha. Chuma kililia kama kilivyokuwa kikilia. Nikazungusha tena, na ghafla mkono wangu ukalegea wenyewe, pale hasa, nami sikuuamrisha. Mdogo wangu akamimina bila kuambiwa. Nilihisi mama yuko karibu kabisa, nikamwomba kwa moyo wote alete neno moja tu, hata la mbuzi. Nikazungusha mpaka bega likafa ganzi. Kila palipofika mahali pake mkono ulisimama, lakini mdomoni hapakuja kitu.

Ile rekodi ninayo. Ni mlio wa chuma, kisha kimya, kisha chuma. Mdogo wangu anasema mtoto akiisikia ananyamaza, lakini hilo anasema kunifariji. Mimi naisikiliza hapa kibandani, simu nimeibana sikioni. Nikisikia chuma kinalegea navuta pumzi, nipo tayari kabisa kuimba, na kijana wa spika anauweka ule wake tena.